Damu Aliyozaliwa Nayo Sifa

Mwakeye, wanangu. Nimewasalimu kwa Kiha kwa sababu ndicho nilichoingia nacho kazini, na najua wengi wenu mnaosomea maabara hapa Kasulu mnakielewa hata mkijifanya mmekiacha nyumbani. Mmeniomba niwasimulie kazi ilivyokuwa. Nitasimulia, ila msitegemee mpangilio. Mimi ni mstaafu, nimemaliza kupanga vitu kwenye rafu.

Nianze na kope. Wiki yangu ya kwanza kazini, Kibondo, nikiwa msichana niliyetoka kwetu Heru Juu na cheti kipya, niliinamia hadubini nikaona vitu vyeusi, virefu, vimepinda, vinatikisika juu ya damu. Nikapiga kelele kwamba mgonjwa ana minyoo isiyojulikana. Mkuu wetu, Mama Yustina, mwanamke wa Gwarama mwenye sauti nzito, akaja akachungulia.

"Leokadia, pepesa macho."

Nikapepesa.

"Na minyoo imepepesa?"

Ilikuwa imepepesa. Zilikuwa kope zangu mwenyewe. Tangu siku hiyo, akitaka kunishusha kidogo, alikuwa ananiita Daktari wa Kope.

Hadubini zenu siku hizi zina taa ndani. Yetu ilikuwa na kioo chini yake, na mwanga tuliutafuta dirishani. Asubuhi tunabeba meza upande huu, mchana tunaihamishia upande ule. Mama Yustina alinifundisha nisielekeze kioo kwenye jua lenyewe, maana jua linaunguza jicho na halionyeshi kitu. Tafuta wingu jeupe, alisema, hilo ndilo taa. Mpaka leo nikiona wingu zuri juu ya vilima vya huku nawaza, hapo damu ingeonekana vizuri.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kipimo cha selimundu, na hapo ndipo hadithi yangu ilipo, kwa hiyo nivumilieni nikieleze. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya ni ya mviringo, imebonyea katikati kama andazi lililokandamizwa kwa kidole. Ya mgonjwa wa selimundu nayo inaweza kuonekana hivyo hivyo ikiwa na hewa ya kutosha. Ikinyimwa hewa, inajikunja, inachongoka ncha mbili kama mundu wa kukatia majani, na hapo inakwama kwenye mishipa. Mtoto analia mikono, analia miguu, analia mgongo. Kwa hiyo kupima ni kuinyima damu hewa ukiwa unaitazama. Tulikuwa na unga mweupe wenye harufu kama ya kiberiti kilichozimwa. Unauyeyusha kwenye maji, unachanganya tone na tone la damu, unafunika kwa kigae cha kioo, unaziba kingo kwa mafuta mazito, unasubiri. Shikeni hili hata mkisahau mengine yote: unga huo uyeyushwe siku ileile. Uliolala ni maji matupu, na utamwambia mtu ni mzima kumbe si mzima. Unga ukiisha, Mama Yustina alifunga kidole cha mgonjwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, damu ikamaliza hewa humohumo kidoleni, ndipo akatoboa. Ilifanya kazi. Ila wagonjwa walimwangalia vibaya.

Baadaye tulihamishiwa Kasulu, yeye akiwa mkuu, mimi nikiwa mtu wake. Hapa ndipo aliponijia mama mmoja kutoka kambi ya Nyarugusu, Mkongomani wa upande wa Fizi. Ameshika mkono wa mtoto wa kiume, Baraka, macho ya njano, vidole vimevimba kama ndizi ndogo. Mgongoni kuna binti mchanga, Sifa. Baraka nilimpima, chembe zikajikunja mbele yangu, nyingi mno. Nikamwambia mama yake.

"Na huyu wa mugongo?" akauliza. "Mumupime naye."

Nikampima. Nikasubiri, nikatazama, nikasubiri tena. Zote za mviringo, nzuri, zinang'aa. Nilikuwa tayari nimeinuka nikampelekee mama wa watu habari njema, Mama Yustina akaniita.

"Ana umri gani?"

"Mchanga tu. Hata kukaa hajaanza."

"Basi usiseme ni mzima. Huyo bado amevaa damu ya tumboni."

Akanieleza, nami nikasikiliza kama mtoto. Kijusi tumboni hakitengenezi damu kama yetu. Kinatengeneza damu yake, yenye nguvu ya kuvuta hewa kutoka kwa mama. Mtoto akizaliwa, damu ile inabaki naye miezi kadhaa, halafu mwili unaifunga na kufungua ya utu uzima. Ugonjwa wa selimundu umo kwenye ile ya utu uzima. Ya tumboni haijikunji, tena ikiwa nyingi ndani ya chembe inaizuia nyingine kujikunja. Ndiyo maana watoto hawa wanazaliwa wazuri, wananenepa, mama anashangilia, halafu siku moja mikono inavimba.

"Na ile ya tumboni inaenda wapi?" nikamuuliza.

"Haiendi popote. Maagizo yake yamo humohumo mwilini. Yamefungwa tu."

"Nani anayafunga?"

"Sijui."

"Tukimjua, si tunamwambia asifunge?"

Mama Yustina alicheka mpaka akavua miwani. "Daktari wa Kope," akasema, "nenda kamjibu mgonjwa."

Nikatoka nikamwambia yule mama kwamba sijui bado, amrudishe mtoto akianza kukaa mwenyewe. Akamrudisha mtoto mgongoni. "Unanipa nusu ya jibu."

"Nusu ndiyo niliyonayo, Mama Sifa."

Alirudi kweli. Safari hii chembe zilijikunja, taratibu, moja baada ya nyingine. Nilimwambia papo hapo, bila kuzunguka. Hakulia. Akafunga kitenge vizuri, akasema, "Basi weye njo utakuwa unaniambiaka ukweli." Na ikawa hivyo. Baraka alipofariki, majira ya mvua, homa ya mapafu juu ya selimundu, ni mimi aliyenitafuta kuuliza kama kuna kitu ambacho angeweza kukifanya na hakukifanya. Nilimwambia hakuna, na ndivyo ilivyokuwa. Sifa aliendelea kuja kwetu, kwa maumivu, kwa kuongezewa damu, mpaka akawa msichana anayejua kunielekeza mshipa upi unatoa. Kisha jina lao likatoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishwa, wakapelekwa Marekani. Siku wanaaga alinikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa unamuuma.

Sasa niwaambie kuhusu kirusi, maana bila hicho hamtaelewa kilichonipata.

Ninyi mmekua VVU ikiwa na dawa. Mtu anapima, anaanza vidonge, anazeeka. Mimi nilitoa majibu miaka ambayo hapakuwa na vidonge. Kibondo, chumba kidogo, mtu anakaa mbele yako, na karatasi iko mkononi mwako. Tulijifunza kuficha uso. Mdogo wangu Agripina nilimpima kwa mikono yangu, na uso wangu haukufichika. Nilikichukia kirusi kile kama mtu anavyomchukia mtu. Katika mafunzo walitueleza hila zake: kinavyoingia ndani ya seli, kinavyoandika maagizo yake katikati ya maagizo ya mwili wetu, na kikishaandika hakifutiki. Nilikuwa nawaza, kitu kidogo hivi, kisicho hata na uhai kamili, kimepewa na nani ufundi huu?

Nimestaafu, nimerudi Heru Juu, nalima maharage na mihogo. Jumapili moja niko uani napura maharage, simu inalia, ni picha ya Mama Sifa. Mzee kidogo, koti zito, lakini sauti ileile.

"Mama Leokadia, banataka kuua mutoto wangu."

"Nani?"

"Ba docteur. Banasema kuko dawa ya maladi yake, mupya, bado banaijaribu. Nikauliza, dawa inatoka mu nini? Mutoto mwenyewe njo ananijibu: mu virus ya SIDA. Ya SIDA, Mama! Banataka kuitia mu damu yake, naye anakubali!"

Wanangu, SIDA ndiyo UKIMWI kwa Kifaransa chao, na ungo ulinitoka mikononi. Kitu cha kwanza nilichokiona kichwani ni Agripina. Nilitaka kusema, mkataze, mfungie ndani. Lakini mwanamke huyu alikuwa hajanipigia ili nipige kelele naye. Nikamwambia, "Sijui, Mama Sifa. Kirusi nakijua, dawa siijui. Mwambie Sifa anipigie yeye."

Sifa akanipigia. Amekuwa mwanamke, sauti imepanuka, ila anapumua kwa kukatisha, nikajua ana maumivu na anayaficha.

"Bibi, wamekitoa vyote vya ndani," akaniambia. "Hakiwezi kuzaana, hakiwezi kumpa mtu ugonjwa. Wamebakiza kitu kimoja tu, kujua kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Ndani ya seli. Na kuacha maandishi yanayokaa. Wanasema hakuna kinachojua kazi hiyo kama chenyewe. Kwa hiyo wamekifanya mbebaji. Wanatoa seli za kwenye uloto wangu, ule ute wa ndani ya mifupa, zile zinazozaa damu, wanaziwekea mbebaji huyo huko maabara, halafu wananirudishia."

"Na amebeba nini?"

"Ujumbe mfupi. Unamnyamazisha mlinzi."

"Mlinzi gani, Sifa?"

"Yule anayefunga damu ya mtoto. Kuna jeni moja, Bibi, kazi yake ni kufunga damu ya tumboni. Ujumbe unaizima, lakini kwenye seli zinazotengeneza chembe nyekundu tu. Kwingine unakaa kimya, kwa sababu kwingine mlinzi huyo ana kazi nyingine wasiyotaka kuiharibu."

Nilikaa chini, pale pale kwenye maganda. Mama Yustina alikuwa ameshafariki, na hapo ndipo nilipomkosa kuliko siku ya mazishi yake. Wamempata! Kuna watu mahali wamemtafuta yule anayefunga mpaka wakampata, na wanamwambia asifunge. Na aliyetumwa kupeleka ujumbe ni yule yule aliyeniulia mdogo wangu, wamemkamua sumu, wamemfundisha kubeba. Sikujua nicheke, nisali, au nilie. Nikawaza pia jambo ambalo bado linanikosesha raha: vidole vile vya Baraka, siku zote zile, ndani ya mifupa yake mwenyewe maagizo ya damu nzuri yalikuwemo, yamefungwa, na sisi tulikuwa tunampa maji na dawa za maumivu.

Lakini nilikuwa mtu wa maabara, nikauliza swali la maabara. "Maandishi yakikaa mahali pabaya?"

"Wameniambia. Inaweza kuleta saratani ya damu. Wataniangalia miaka mingi. Na kabla ya kunirudishia seli lazima wafagie uloto wa zamani kwa dawa kali. Nywele zitatoka. Huenda nisizae. Nimesaini kwamba nimeelewa."

"Umeelewa?"

"Bibi, mimi nimechoka kuumwa."

Jioni ile nikampigia mama yake. Nilimweleza nilichoelewa, kwa maneno ya kwetu, na nilichokuwa sikijui nikakitaja pia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama angekuwa wako?"

"Ningeogopa sana," nikamwambia. "Na ningemshika mkono."

"Kumukataza?"

"Kumsindikiza."

"Basi nitamusindikiza," akasema. Akakata simu.

Miezi iliyofuata nililima na simu kifuani. Picha zikawa zinakuja moja moja: Sifa na mifuko ya dripu, Sifa kichwa hakina unywele, Sifa mdomo una vidonda hawezi hata maji. Mama yake upande wa pili wa kioo, kavaa barakoa na glavu. Halafu zikaacha kuja. Nilimpigia, hakupokea. Jirani yangu ananiuliza mbona napalilia mahali palepale. Nilikuwa na hakika nimemwongoza mwanamke yule kumzika mtoto wa pili, na nilikuwa napanga maneno ya kumwambia.

Kisha ikaja sauti ya Sifa, fupi, ya kukwaruza: "Bibi, seli zimekaa. Mama analala, amechoka." Hiyo tu. Nilienda kwa jirani nikamwambia, naye asielewe chochote, akanipikia chai.

Nisiwadanganye kwamba hayo ndiyo matibabu yatakayowakuta wodini kesho. Mtoto wa selimundu hapa kwetu leo anapata vidonge vya kumkinga, anahimizwa maji, na akibahatika anapata vidonge vile vinavyoisukuma damu ya tumboni irudi kidogo. Navyo ni vya ajabu, msividharau. Wazo ni lilelile.

Kiangazi kilichopita Sifa alikuja. Aliwaona ndugu zake waliobaki kambini, alienda kwenye kaburi la kaka yake, halafu akapanda bodaboda mpaka kwangu Heru Juu. Alishuka pale chini barabara ilipoharibika, akapanda kilima kwa miguu. Nilimwona anakuja, anapanda bila kusimama, mimi ndiye niliyekuwa sina pumzi. Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Akaniambia, "Nipime."

"Si wameshakupima huko, kwa mashine kubwa?"

"Wamenipima. Wewe hujanipima."

Tukaja hapa Kasulu mjini. Mkuu wa maabara sasa ni Edgari, mwanafunzi wangu, akanipisha kwenye kiti bila maneno mengi. Nikayeyusha unga siku ileile. Na kwa kuwa kipimo hakiaminiki mpaka uone unga unafanya kazi, nikamwomba Edgari damu nyingine ambayo tunajua ina selimundu, tuziweke pamoja. Wodini kulikuwa na binti mdogo kutoka Nyabibuye, amelazwa kwa maumivu. Edgari akamwomba mama yake, mama akakubali, akaleta tone. Nikatengeneza slaidi mbili, nikaziba kingo, tukasubiri. Mama Sifa alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya spiriti, anatutazama.

Nikaweka kwanza ya binti wa Nyabibuye. Mundu tupu. Zimejaa, ncha kwa ncha, kama shamba limevunwa na wenye zana wakazitupa.

Nikaweka ya Sifa.

Nilitegemea nitaona tofauti. Nilikuwa nimeambiwa, nilikuwa nimeeleweshwa. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na jicho ni kitu kingine. Chembe zilitanda mbele yangu, za mviringo, shwari, uwanja mzima. Nikasogeza slaidi, nikakuta moja imejikunja, pembeni nyingine, maana ugonjwa haukufutwa, umezimwa sauti, na Sifa akijaliwa mtoto, mtoto huyo anaweza kuurithi. Nikasogeza tena. Mviringo, mviringo, mviringo. Nilikuwa natazama damu ambayo huwa naiona kwa vichanga tu, ndani ya mwanamke aliyekaa kando yangu anatafuna karanga. Nilisubiri zaidi ya inavyotakiwa. Hazikujikunja. Shingo ikaniuma, sikuinuka.

"Unaona nini?" Mama Sifa akauliza kwenye simu.

Nilikuwa nimefanya kazi hii tangu usichana wangu, na majibu mengi nimeyatoa. Nikafuta macho kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa na glavu.

"Naona damu, Mama Sifa," nikamwambia. "Damu tu."

Nilimwona anaweka kiganja mdomoni, halafu picha ikawa dari, simu imemponyoka, tukawa tunasikia sauti yake anaita jina la Mungu kwa Kibembe, mbali, karibu, mbali.

Sifa akainama yeye kwenye hadubini. Akaangalia yake muda mrefu. Kisha akaniomba nimwekee ile nyingine, nikamwekea, akaiangalia muda mrefu zaidi. Hakuwa amewahi kuona ilivyo, kile kilichokuwa kinamliza miaka yote. Akainua uso.

"Huyu yuko kitanda kipi?" akauliza.

Edgari akamwonyesha mlango wa wodi. Sifa akafunga kile kifuko cha karanga zilizobaki, akaenda nacho.